Uhuru Si Ruhusa ya Kumlewesha Mtoto

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, wazazi na vijana katika mkutano wa chama



Leo sikuja kuwasemea neno la uchaguzi wala neno la viti vya wakubwa. Nimekuja na neno la pombe. Najua wengine watasema: "Hilo ni neno la mapadri na wapastori. Chama kinatafuta nini ndani ya chupa yangu?" Ngojeni kidogo. Nitawaonyesha kwamba pombe iliingia katika siasa ya inchi yetu zamani sana, na kwamba mpaka leo haijatoka.

ZAMANI TULIITWA WATOTO

Mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walikutana Brussels, wakaandika mapatano juu ya Afrika. Ndani ya mapatano hayo walizuia vileo vikali katika sehemu kubwa ya bara letu. Mwaka wa 1919 wakaandika mapatano mengine huko Saint-Germain-en-Laye, inchi ya Ufaransa, juu ya neno lile lile. Tuseme kweli: kuwazuia wachuuzi wasimwage vileo vyao vikali katika vijiji vyetu hakukuwa neno baya. Lakini katika Kongo ya Wabelgiji sheria hiyo ilikuwa na macho mawili. Mzungu alikunywa whisky yake barazani bila kuulizwa. Mwafrika alikatazwa vileo vikali, si kwa sababu ya umri wake, wala kwa sababu ya ugonjwa wake, bali kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Mzee wa miaka 60, mwenye wajukuu na mwenye kuamua mashauri ya kijiji, alihesabiwa kuwa mtoto mbele ya sheria ile.

Na aliyetaka kuhesabiwa kuwa mtu mzima ilimpasa aombe karatasi. Mwaka wa 1948 serikali ya Wabelgiji ilileta kadi ya sifa kwa wale walioitwa watu wa maendeleo. Mwaka wa 1952 ikaleta namna nyingine ya kuwaandikisha. Wakaguzi waliingia mpaka ndani ya nyumba ya mtu, wakatazama jiko, wakatazama vitanda, wakatazama kama jamaa inakula kwa uma na kisu.

Basi, wandugu, zarau hiyo ilizaa nini ndani ya mioyo? Ilizaa hivi: chupa ikawa alama. Katika miaka ya 1950, kizuizi kile kilipoanza kulegezwa, glasi ya divai mkononi mwa mtu mweusi ilikuwa kama kusema, "Mimi si boi tena." Wazee wetu hawakunywa kwa kiu tu. Walikunywa pia kwa sababu walikuwa wamekatazwa.

Siwalaumu hata kidogo. Tena mabaa ya cité yalikuwa mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali walikaa meza moja na kusemezana habari za inchi. Patrice Lumumba mwenyewe, alipotoka gerezani mwaka wa 1957, alifanya kazi ya kuitangaza bia ya Polar katika mji wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Kwa hiyo msidhani nimekuja kusema kwamba kila mtu mzima anayekunywa chupa yake jioni ni adui wa inchi.

Neno langu ni hili. Kumwita mtu mzima mtoto ni tusi. Lakini kumwita mtoto mtoto si tusi, ni kweli, na ni upendo. Uhuru tulioupata tarehe 30 Juni 1960 uliliondoa lile tusi. Haukuiondoa ile kweli. Na sasa kuna watu ambao, kila wakisikia "usimpe mtoto pombe", wanajibu: "Hiyo ni sheria ya Bula Matari, sisi ni watu huru." Hapo ndipo wanapopotea.

SHERIA HIYO NI YETU

Tutazame sheria yenyewe. Katiba ya Kongo, ambayo watu waliipigia kura Desemba 2005, na ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 41 kwamba mtoto ni kila mtu, mume au mke, ambaye hajatimiza miaka 18. Tarehe 10 Januari 2009 ikatoka sheria ya kuwalinda watoto, nayo inashika umri ule ule. Miaka 18 ndiyo mpaka wa pombe pia. Anayemwuzia bia mvulana wa miaka 15 havunji sheria ya mzungu. Anavunja sheria ya inchi yake huru.

Tena iko sheria ya Januari 1968, juu ya ulevi mbele ya watu. Aliyelewa na kuanguka njiani au sokoni, akifanya makelele na kuwasumbua watu, anaweza kushikwa na polisi na kupelekwa mbele ya tribunali. Na iko sheria ya barabara ya mwaka wa 1978, inayokataza kuendesha gari ukiwa umelewa. Dereva wa pikipiki ya kubeba watu, ambaye anameza kikombe cha lutuku asubuhi "ili apate nguvu", akimgonga mtu, asifikiri kwamba atasimama mbele ya hakimu na kusema, "Nilikuwa nimelewa, sikujua." Neno hilo halitamwokoa. Litamzidishia mzigo.

Na mtoto mwenyewe, akishikwa, je? Hapa wazazi wengi hawajui haki yao. Sheria ya 2009 inasema kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa mwenye kosa mbele ya sheria ya adhabu. Aliye kati ya miaka 14 na 18 anapelekwa mbele ya tribunali ya watoto, si mbele ya tribunali ya watu wakubwa. Kwa hiyo polisi akimtupa kijana wako wa miaka 13 ndani ya buloko pamoja na wezi na wauaji, kwa sababu alimkuta anayumba karibu na baa, polisi huyo ndiye mwenye kuvunja sheria. Mzazi aende mara moja, achukue karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, aulize kwa heshima lakini bila woga: mtoto wangu yuko wapi, na nani aliyemwuzia pombe? Maana yule aliyeuza ndiye anayepaswa kutafutwa kwanza.

Na mtu mzima akiambiwa alipe feza kwa sababu ya kosa, aombe karatasi inayoonyesha kwamba amelipa. Feza isiyo na karatasi haiendi kwa serikali. Inaenda mfukoni.

MWILI WA MTOTO SI MWILI MDOGO WA MTU MZIMA

Sasa nitasema habari za mwili, kama waganga wa hospitali wanavyofundisha.

Ukinywa pombe, haingoji kusagwa kama ugali. Inapita tumboni, inaingia katika damu kwa dakika chache, na damu inaipeleka mpaka kwenye ubongo. Ini ndilo linaloiondoa, nalo linafanya kazi polepole: kwa mtu mzima, karibu glasi moja ya bia kwa saa moja. Kahawa hailiharakishi, maji ya baridi hayaliharakishi, kutapika hakuondoi ile iliyokwisha kuingia katika damu. Anayelala saa sita ya usiku akiwa amelewa sana, asubuhi anaweza kuwa bado na pombe mwilini anapopanda gari kwenda kazini.

Kwa mtoto ni gali zaidi. Damu yake ni kidogo, kwa hiyo kikombe kile kile kinampiga kwa nguvu zaidi. Tena ini linapojishughulisha na pombe, linaacha kazi yake nyingine, kazi ya kutoa sukari katika damu. Mtu mzima ana akiba. Mtoto ana akiba ndogo, na mtoto aliyelala na njaa hana karibu kitu. Sukari inashuka, mtoto anapoa, anatetemeka, anapatwa na kifafa cha gafula, anaweza kufa. Na wale waliokaa karibu wanacheka na kusema, "Mwacheni alale, itamtoka." Wandugu, haitoki hivyo. Mtoto aliyelewa na kulala usingizi usioamshika anakufa polepole mbele ya macho yenu.

Mkimkuta katika hali hiyo, mlazeni ubavu, ili akitapika asizibwe pumzi. Mfunikeni asipate baridi. Msimlazimishe kutapika, msimtie maji kinywani, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali upesi, usiku ule ule. Na mwambieni mganga kweli: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Mganga hatafuti mwenye kosa, anatafuta namna ya kumponya.

Liko neno lingine. Ubongo wa mtu unaendelea kujengwa mpaka miaka karibu 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Kijana anayeanza kunywa mapema anakamatwa na ulevi kwa wepesi kuliko yule anayengoja. Anasahau masomo, anagombana, anapanda pikipiki kama mtu asiyeweza kufa, anakwenda na wanawake asiowajua bila kujilinda. Na msichana aliyeleweshwa na mwanaume mzima, hakukubali neno lo lote: alitegwa. Tusiite jambo hilo mchezo wa vijana.

Nanyi mama mlio na mimba: pombe mnayokunywa inapita kwa mtoto aliye tumboni. Inaweza kumharibu ubongo kabla hajaliona jua. Bia ya chupa ni pombe, kasiksi ni pombe, munkoyo uliokaa siku nyingi ni pombe.

Watu wazima wasijidanganye pia. Tangu mwaka wa 1988 shirika la kimataifa la kuchunguza kansa limeweka vileo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu: kansa ya kinywa, ya koo, ya ini, ya matumbo, ya maziwa ya mwanamke. Shirika la Afya la Dunia limehesabu watu milioni 2.6 waliokufa kwa sababu ya pombe katika dunia nzima mwaka wa 2019. Na anayemeza dawa za kifua kikuu ajue kwamba dawa na pombe pamoja zinalipiga ini lake pande mbili.

LUTUKU, LOTOKO, KANYANGA

Jina linabadilika kwa jimbo, lakini ni kitu kile kile: pombe ya mahindi, ya mihogo au ya ndizi, iliyochemshwa mpaka mvuke wake ukakusanywa. Bia ya chupa ina karibu sehemu 5 za kileo katika 100. Lutuku inaweza kufika 40, hata kupita 50. Mtoto anayeambiwa "onja kidogo tu" anapewa kitu chenye nguvu mara kumi kuliko bia.

Tena ndani yake mwaweza kuwa na sumu nyingine, pombe ya namna ya metanoli. Inatoka katika kazi mbaya ya kutengeneza, au inatiwa na wachuuzi wasio na huruma, wanaochanganya pombe ya viwandani ili wapate faida. Metanoli inalewesha kama pombe nyingine, ndiyo sababu mtu haitambui. Lakini ndani ya mwili inageuka kuwa asidi inayoushambulia mshipa wa macho. Baada ya saa nyingi, pengine siku moja nzima, mtu anaumwa tumbo, anahema kwa nguvu, macho yanaona ukungu mweupe, kisha giza. Wengine wanabaki vipofu, wengine wanakufa. Kwa hiyo mtu aliyekunywa jana akisema leo kwamba haoni vizuri, msingoje jioni: hospitali, mara moja. Iko dawa, lakini inataka ifike mapema.

Wako wanaosema, "Sisi tunaipima kwa moto. Ikiwaka bluu, ni safi." Huo si ukweli. Metanoli nayo inawaka bluu. Moto haukuonyeshi kitu. Na kama bomba la kupozea mvuke limeungwa kwa risasi, ile risasi inaingia katika kinywaji, nayo inaharibu damu na ubongo, wala hakuna moto utakaoionyesha.

MAMA MWENYE KUUZA

Sasa nawaona akina mama fulani wanainamisha macho. Inueni macho, mama zangu. Najua yule anayechemsha lutuku nyuma ya nyumba hafanyi hivyo kwa kupenda moshi. Mume hana kazi au mshahara wake haufiki, masomo yanataka feza, mtoto mgonjwa anataka dawa. Pipa lile ndilo limelipa masomo ya vijana wengi, pengine hata ya wengine mnaowaita leo wakubwa. Na mchana polisi anakuja kumvunjia vyungu, usiku anarudi bila kofia kunywa kile kilichobaki.

Chama kisichoona taabu hiyo hakina haki ya kumhukumu mama yule. Kutengeneza lutuku kwa siri ni kosa mbele ya sheria, nasi hatuwezi kusema kwamba si kosa. Lakini sheria inayovunja chungu tu, bila kumwonyesha mwenye chungu njia nyingine ya kula, itarudi kuvunja chungu kile kile kila mwezi. Inatupasa kutafuta pamoja: chama cha akiba cha akina mama, unga wa kuuza, mafuta, samaki, sabuni. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, wala siahidi kwamba itaisha kesho.

Lakini liko neno moja lisilongoja, na kila mama anaweza kulifanya leo jioni. Mtoto asiuziwe. Mtoto asitumwe na chupa kwenda kununua, maana anayebeba kila siku ataonja siku moja. Mtoto asikae karibu na pipa kuangalia moto usiku, kesho akasinzia masomoni. Ukimkataza mtoto wa jirani, hutapoteza feza nyingi, na jirani atakushukuru.

Na akina baba, msiseme kwamba ni desturi ya mababu. Katika vijiji pombe ilikuwa na saa yake na watu wake: harusi, matanga, mavuno, kupatanisha wagomvi. Wazee walikaa mbele, na mtoto alijua kwamba zamu yake haijafika. Kumpa mtoto wa miaka kumi chupa ili watu wacheke si desturi ya babu ye yote.

NA CHAMA CHENYEWE

Nimebakiza neno moja, nalo ni kwa ajili yetu viongozi. Katika inchi yetu, wakati wa uchaguzi ukifika, wako wanaotaka kura wanaokuja na magari yenye bia. Vijana wanapewa chupa, wanapewa kofia, wanapandishwa juu ya gari waimbe. Wengine hawajafika miaka 18, kura yenyewe hawana, lakini koo wanalo. Jioni wanatumwa kwenda kuwatupia mawe wa chama kingine. Anayepasuka kichwa ni mtoto wa maskini. Aliyenunua bia yuko nyumbani kwake, amelala.

Wazungu walitunyima pombe kwa kusema hatuna akili. Je, sisi tutawapa watoto wetu pombe ili wasiwe na akili? Ni zarau ile ile, mkono tu umebadilika.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali maneno manne, na yaandikwe katika kitabu cha chama. La kwanza: katika mikutano yetu hakuna pombe kwa mtu ambaye hajatimiza miaka 18, hata akiwa mtoto wa kiongozi. La pili: hakuna kijana atakayelipwa kwa kileo, awe amebeba bendera, awe amebandika karatasi ukutani. Akifanya kazi alipwe feza au chakula. La tatu: kila mtaa uwe na wazazi wawili wanaojua sheria ya watoto, wa kumsindikiza mzazi ambaye mtoto wake ameshikwa. La nne: mlevi aliyezoea kunywa kila siku asifukuzwe wala kuchekwa. Asindikizwe kwa mganga, maana mtu wa namna hiyo akiacha kwa gafula peke yake anaweza kupatwa na kifafa. Huyo ni mgonjwa, tena ni ndugu yetu.

Ninyi vijana, najua maneno ya "ngoja" ni machungu. Lakini angalieni: babu zenu walingoja ruhusa ya mtu mwingine, nao walikuwa wazee wenye mvi. Ninyi hamngoji ruhusa ya mtu. Mnangoja mwili wenu wenyewe uishe kujengwa. Kisha mtajiamulia, kunywa au kutokunywa, na hakuna atakayeingia nyumbani kwenu kuhesabu uma na visu.

Wandugu, wanaokubali maneno manne haya wainue mkono. Na aliye na shaka asimame aseme, tutamsikiliza.

Idumu Kongo, na wadumu watoto wake wakiwa na akili timamu.